Ramani ya Jarso Haina Skeli

Baba,

Salaam aleikum. Ulitufundisha kwamba tukipita makaburini aliye hai ndiye humwanza aliyelala kwa salamu, kwa hiyo nimeitanguliza. Baada ya hapo sina maneno matamu. Nimekasirika, na utanisikiliza mpaka mwisho kwa sababu safari hii huwezi kuinuka ukaenda kusahihisha madaftari.

Jarso, mwanafunzi wako, amerudi Burat. Jarso yule ambaye michoro yake uliiacha ukutani mpaka karatasi zikageuka rangi ya chai. Alipomaliza Kidato cha Nne ulimpa dira yako, ile ya shaba yenye kifuniko, ukamwambia mbele yetu sote kwamba mtu akijua amesimama wapi hapotei. Mimi nilikuwa pale nimeshika sinia la nyama, na mkono ulikuwa unaniuma kwa uzito, wala hukuniangalia. Mimi uliniachia kamba ya kupimia. Sasa Jarso ni mpima ardhi. Ana gari jipya na kijana wa kumrushia droni, na ndiye aliyetumwa kuchora mpango wa ploti za huku kwetu. Nilipopata habari hiyo nilifurahi, Baba, na furaha hiyo ndiyo inayoniuma kuliko yote. Nilimwambia Mama kwamba safari hii tumepata mtu wetu.

Kwanza nikupe habari za darasa lako, maana najua utauliza. Mimi ndiye ninayefundisha Jiografia sasa. Tufe lako limepasuka pale kwenye Bahari ya Pasifiki, tumelibandika plasta ya kidonda na bado linazunguka. Kipima mvua nilikikuta kwa mlinzi, anawanyweshea kuku. Nilimwambia kwamba chombo kile kilikuwa kinapima mvua ya Isiolo kabla hajazaliwa, akanijibu kwa upole kwamba mvua yenyewe haiji, afadhali kuku. Nilikichukua, nikakiosha, nikakirudisha uwanjani mahali pake, mbali na paa na miti kama ulivyotaka. Kuku wamenichukia na mlinzi pia.

Baraza ilifanyika shuleni. Chifu alikuwapo, na wazee wetu wa Kiborana, na Waturkana wa upande wa juu, na Wameru wenye mashamba, na wafanyabiashara wa Bulla Pesa, kule mjini, ambao sikuwahi kuwaona Burat mpaka ploti zilipotajwa. Ramani waliibandika kwenye ukuta wa darasa lako, upande wa nje. Ilikuwa kubwa kama shuka na ya kupendeza kweli, ploti zimepangwa safu kwa safu, nyingine za kijani, nyingine za waridi. Watu waliisogelea, kila mtu akitafuta nyumba yake.

Mimi sikutafuta nyumba. Ulituambia tukipewa ramani tusiangalie katikati kwanza, tuzunguke pembeni, kwa sababu pembeni ndipo mchoraji anapojieleza. Nikazunguka. Jina lilikuwapo. Fremu ilikuwapo. Ufunguo wa kueleza kijani ni nini na waridi ni nini haukuwapo. Mshale wa kaskazini haukuwapo. Skeli, kile kimstari cha chini kinachosema kidole kimoja hapa ni mita ngapi kule, haikuwapo. Nikarudia tena kuzunguka, nikidhani macho yangu yana vumbi.

Unakumbuka ulivyonirudishia karatasi yangu bila hata kuigusa kwa kalamu nyekundu, kisa sikuchora mshale? Ulisema nyumbani mimi ni binti yako, lakini darasani siku hiyo nilikuwa ramani isiyo na kaskazini. Darasa zima lilicheka na Jarso alicheka kuliko wote. Halafu ukatuuliza kaskazini iko wapi, bila kuangalia dira. Ekai, mtoto wa Kiturkana aliyekuwa akipiga ngoma kanisani kila Jumapili, ndiye aliyeinua mkono. "Si ni pale Waislamu wanaangalia wakiomba, Mwalimu?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukatuambia Mungu ametupendelea sisi watu wa Isiolo, kibla chetu kiko kaskazini, kimepinda kidogo tu kuelekea mashariki, kwa hiyo mtu akipotea mjini aende msikitini aangalie ukuta wa mbele, hiyo ni dira ya bure. Ukawaambia watoto wa masheikh waone aibu, mtoto wa kanisani amewashinda kibla.

Kilichonishtua zaidi ya skeli ni njia ya mifugo. Haikuwapo. Njia ile inayotoka upande wa Leparua, inayopita nyuma ya shule hadi mtoni, ambayo wewe mwenyewe ulitupeleka kila mwaka tukaipime kwa kamba, ilikuwa imejazwa ploti. Nikamwuliza Jarso kwa heshima zote. Akanionyesha kwenye kompyuta yake picha za droni. Kweli picha zilikuwa safi na njia haikuonekana. Palikuwa na majani matupu, ya kijani, kama zulia.

Walipiga picha wakati wa mvua, Baba. Wakati maji yamejaa kwenye silanga, yale mabwawa ya mvua, kila mahali na wanyama wote wako mbali, nani anahangaika kuja mtoni? Njia ile ni ya kiangazi. Mvua ikinyesha inalala, majani yanaota juu yake, na kiangazi kikija kwato zinaifungua tena pale pale ilipokuwa wakati wa babu zetu. Mtoto wa kuchunga mbuzi anajua hilo. Jarso alichunga mbuzi! Alizichunga kwenye njia hiyo hiyo, akija shuleni na fimbo yake ukamwambia aiegemeze nje ya mlango. Sasa anasimama mbele yetu anasema kitaalamu hapo ni eneo wazi lisilotumika.

Wazee walipoanza kunung'unika, alinyoosha kidole kwenye ramani, kwenye nafasi nyeupe kati ya safu mbili za ploti, iliyoshuka kutoka juu mpaka kwenye mstari wa buluu wa mto. Akasema wazee wasiwe na wasiwasi, hiyo ndiyo njia yao, imeachwa. Mzee Boru, jirani yetu, akasogea karibu sana maana macho yake unayajua, akaifuata nafasi hiyo kwa ukucha mpaka mtoni. Haikukatika popote. Akasema alhamdulillahi, njia ipo. Wengine wakaitikia. Chifu akaitisha karatasi za kuweka dole gumba.

Nikasimama. Nikauliza skeli iko wapi, nafasi ile nyeupe chini ardhini ni upana gani.

Jarso alitabasamu. Tabasamu lile lile la darasani. Akasema, "Mwalimu Kabale, hii si mtihani. Wazee wameelewa."

Watu walicheka. Si kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyomcheka mwalimu. Nilikaa chini. Nilimkasirikia Jarso, nikawakasirikia wazee waliocheka, kisha nikakukasirikia wewe. Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wewe ulimlea huyu kwa vipimo na haki, mbona amekuwa hivi?

Kilichotuokoa siku hiyo si mimi. Pedi ya wino ya chifu ilikuwa imekauka kwa jua. Waliitemea mate, wakaimwagia chai, ikakataa. Chifu akasema watu wataweka dole gumba baraza ijayo, na kwa kuwa gundi yao ilikuwa kali, ramani wakaiacha pale pale ukutani. Mungu hutumia hata pedi kavu.

Jumamosi nilimtoa Mama nyumbani pamoja na kamba yako. Unajua ilikuwa kamba yake. Ile ndefu ya kufungia mizigo kwenye ngamia, uliyoichukua bila ruhusa ukaifunga fundo kila mita, na yeye akalalamika mpaka ukaenda mjini kununua nyingine. "Hii kamba yangu umefunga mafundo yote hii, sasa ngamia nitafunga na nini, na ramani?" Miaka yote ilining'inia nyuma ya mlango na hakuna aliyeigusa tangu tukuzike. Mama aliipokea, akaipitisha mkononi fundo baada ya fundo, polepole. Nilidhani atalia. Akasema mafundo yako hayajawahi kulingana.

Yanalingana, Baba. Nimeyapima.

Tulifanya kama ulivyotufundisha kwa ramani iliyopoteza skeli. Tafuta vitu viwili vinavyoonekana kwenye ramani na bado vipo ardhini. Tulichukua kona ya darasa lako na mguu wa tangi la maji. Mama alishika ncha moja, mimi nyingine, tukavuka uwanja, tukapita miiba, mbuzi wa watu wakitufuata wakidhani kamba ni chakula. Kisha nikapima umbali huo huo ukutani kwa rula ya wanafunzi, nikagawanya, nikapata skeli ya Jarso ambayo hakutaka kutupa. Ndipo nikapima ile nafasi nyeupe.

Ingetosha punda mmoja na mitungi yake. Ng'ombe angepita akiwa mpole. Nilirudia kupima kwa sababu sikutaka kuamini, na kila mara ikatoka vile vile. Nilikaa kwenye kizingiti cha darasa lako. Mtu anayejua skeli akiiondoa kwenye ramani yake, hajasahau. Wewe mwenyewe ulisema hivyo kuhusu wafanyabiashara wa mizani.

Maana hapa kwetu nani hajui kwamba kundi linalokwenda majini halikutani na linalorudi? Moja linapita upande huu, la pili upande ule, na katikati panabaki nafasi ya kutosha watu kusalimiana bila wanyama kuchanganyika. Ndiyo maana njia ile ni pana, si kwa uvivu wa kutofuata mstari. Magomvi mangapi ya Burat yalianzia pale ambapo makundi yalikutana mahali pembamba, mbuzi wa huyu wakaingia kwa yule, fimbo zikainuka, na kesho yake watu wakahesabiana makabila? Waturkana na sisi tumepita njia moja siku zote za amani kwa sababu ya upana wake. Jarso ameubana upana huo mpaka ukawa mlango wa vita, kisha akaupaka rangi nyeupe.

Baraza ya pili sikuuliza swali. Asubuhi yake Mama na mimi tulichukua jivu la jikoni tukamwaga mistari miwili uwanjani, kwa upana ule ule wa nafasi nyeupe, tukaifunga kwa matawi ya miiba huku na huku. Watu walipofika walidhani tumejenga boma. Mama akamwambia Mzee Boru alete mbuzi wake kutoka upande wa juu, kwa kuwa njia yake ipo, na yeye Mama akaingiza wake kutoka upande wa mto.

Walikutana katikati. Unaweza kuwaza kelele zake. Beberu wa Mzee Boru akapanda juu ya wa Mama, vitoto vikapitia chini ya miiba, mama zao wakalia, na walipotoka hapakuwa na kundi la Boru wala la Mama, palikuwa na mbuzi tu. Wachungaji wa Kiturkana waliokuwa wamesimama pembeni walianza kucheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu waliona. Kila mtu aliona. Mzee Boru alikaa mpaka alasiri akiwachambua mbuzi wake mmoja mmoja kwa masikio, na kila akimpata mmoja alikuwa anautazama ule ukuta wenye ramani.

Chifu alipomfuata na pedi mpya ya wino, Mzee Boru alikunja ngumi akaficha dole gumba ndani. "Hii kidole mimi narudi nayo nyumbani," akasema. Wengine nao wakakunja ngumi. Nimeona mengi katika uwanja ule, Baba, lakini sijaona kitu kizuri kama wazee wale waliokunja ngumi bila kutaka kumpiga mtu.

Jarso aliibandua ramani mwenyewe. Ilichanika kona. Alisema ilikuwa rasimu tu, ya kupata maoni. Rasimu! Karatasi za dole gumba zilikuwa tayari mezani, na mawe ya mpaka yalikuwa yameshachimbiwa nyuma ya shule. Kumbe rasimu siku hizi inachimbiwa kwa saruji. Ameahidi kurudi kiangazi kupiga picha upya. Mawe bado yapo. Kila asubuhi nikienda kazini ninayapita, na kila asubuhi ninatamani kuyang'oa, na Mama ananiambia nisubiri. Sijashinda kitu, nataka ujue hivyo. Nimechelewesha tu. Wale wa Bulla Pesa bado wanakuja na magari yao kutazama.

Wiki iliyopita Jarso alikuja nyumbani. Mama alimpa chai ya maziwa kama mgeni yeyote. Lakini alimsalimu kwa nagaa, ile amani yetu, moja tu, Baba. Moja, akanyamaza. Hakumwuliza nagaa ya watoto, wala ya mama yake, wala ya mifugo, wala ya mvua ya huko alikotoka. Unajua kwetu salamu huchukua muda mrefu kuliko chai yenyewe. Jarso alisubiri zilizobaki, akaona hazitakuja, akainamisha kichwa akanywa. Nafikiri hakuna mtu aliyewahi kumpiga hivyo.

Kisha akatoa mfukoni dira yako, akaiweka kwenye mkeka. Kifuniko kimekwaruzika lakini sindano inacheza bado. Alisema labda inanistahili mimi. Hakusema samahani. Alisema, "Mwalimu angekuwa hai, hangenisalimia."

Nikatazama dira ile. Nimeitamani tangu siku ile ya sinia la nyama, nawe ulijua, usiniambie hukujua. Uliipitisha mbele ya macho yangu ukampa mtoto wa watu kwa sababu alichora mito vizuri. Hilo sijakusamehe, nimeligundua nikiandika hapa. Ulipenda mkono wake hukuchunguza moyo wake. Ulitupa vifaa vyote, Baba: dira, tufe, skeli, kipima mvua, hata namna ya kupata urefu wa mnara kwa kivuli chake. Ulituambia ramani haidanganyi. Hukutuambia tumwulize anayeichora analipwa na nani.

Nilimrudishia. Nilimwambia akae nayo, ataihitaji kuliko sisi, kwa sababu yeye ndiye aliyesahau amesimama wapi. Aliifunga kifuniko akaondoka, chai ikabaki nusu.

Basi sasa nikuage, kwa sababu nina kipindi asubuhi na Kidato cha Pili hawajamaliza mada ya vipimo. Nakuahidi mambo ambayo naweza. Kamba haitarudi nyuma ya mlango. Kiangazi hiki, wanyama wakiteremka, nitawatoa wanafunzi wote, wa msikitini na wa kanisani, tuipime njia ile upana wake kuanzia Leparua mpaka mtoni wakati kwato ziko juu yake, na ramani yetu itabandikwa kwenye ukuta wako kabla ya ile ya Jarso. Itakuwa na ufunguo. Itakuwa na skeli, na hakuna mtoto atakayetoka mikononi mwangu akijua kuichora skeli bila kujua ni nani anaumia ikifichwa. Hilo nitaliongeza kwenye somo lako, utake usitake.

Na mshale wa kaskazini utakuwapo. Siku tuliyokuzika sisi wanawake tulibaki nyumbani, lakini Kaka Guyo aliingia nawe kaburini, na aliporudi na udongo kwenye magoti nilimwuliza wamekulaza vipi. Akaniambia kwa ubavu wa kulia, uso umeelekezwa kibla. Makaburi yako pale pale njia inapopinda kuelekea mto. Tukifika hapo na kamba, nitawaambia watoto wasimame wakusalimu, kisha nitawauliza kaskazini iko wapi, na atakayejibu kwanza ataonyesha upande unaouangalia wewe.

Binti yako,
Kabale